Magadi

Mlango wa kushoto wa gari ndio ulionitia adabu. Niliutoa ukutani nilikouegemeza, nikaupachika kwenye bawaba zake, nikakaza bolti kwa mkono tu, kisha nikausukuma ufunge. Sikuwa na haja ya kuufunga. Nilitaka tu kuutazama kabla ya Magharibi, nijipongeze kwa kazi ya siku nzima. Ulikwenda, ukakaribia, ukagonga chuma kwa chuma, ukasimama. Nikausukuma tena. Ukagonga palepale.

Wiki moja nyuma mlango huohuo ulikuwa ukifunga kwa kidole kimoja.

Ilikuwa Jumamosi, masika ya 2015, uani kwetu Tudor, Mombasa, chini ya banda la mabati ambalo Mama aliniruhusu kulijenga kwa sharti moja: kamba zake za kuanikia nguo zisiguswe. Ndani ya banda mlikuwa na MGB ya 1966, gari la spoti la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai la kukunjwa nyuma. Mama aliliita "gari lisilo kichwa", na akiulizwa na wageni ni la nani, alisema ni la jirani.

Nililitoa Nyali, chini ya mwembe, likiwa limelala miaka sijui mingapi. Mzee aliyeniuzia alilinunua kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyerejea kwao, akaliendesha mpaka kluchi ikafa, akaliacha hapo kuku watagie. Nililipa bei ya tuktuk iliyochoka. Watu waliniuliza kwa nini nisiagize moja safi kutoka Uingereza. Haiwezekani: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo MGB utakayoikuta kwetu ni ile iliyokwishakuwapo tangu zamani, na ikiwa ya Pwani, basi imekula chumvi umri wake wote.

Kwa upande mwingine nilikuwa na bahati. Gari hili si adimu duniani. Kiwanda cha Abingdon kilianza kulitoa 1962, kikaacha 1980, na yalitoka zaidi ya laki tano. Wenye mapenzi nayo ni wengi, ndiyo maana vipuri vyake vingi vinatengenezwa vipya mpaka leo, kuanzia kitufe cha turubai hadi bodi nzima. Injini sikuiogopa hata kidogo. Ni ya silinda nne, cc 1798, kabureta mbili zimekaa ubavuni kama mapacha, na fundi yeyote mzee aliyekulia kwenye Morris na Austin anaijua kama njia ya kwao. Umeme ndio ulikuwa na vituko: betri mbili za volti sita zimefichwa nyuma ya viti, na katika gari la mwaka ule waya unaofungwa kwenye bodi ni wa chanya, si wa hasi. Kuna kijana alinisaidia kujaribu taa bila kulijua hilo. Tuyaache hayo.

Niliyoyaogopa, na ilikuwa haki yangu kuyaogopa, ni mabati.

Chini ya kila mlango kuna kizingiti, ule mkanda wa chuma unaouruka kwa mguu ukiingia garini. Kwa nje cha kwangu kilikuwa kizuri, chekundu, kinang'aa. Nikakigonga kwa mpini wa bisibisi, kikatoa sauti ya embe bovu. Nikakwangua. Rangi nyekundu ikatoka, chini yake rangi ya maziwa, chini yake puti nene kama kidole changu, na chini ya puti fundi mmoja asiye na haya alikuwa amejaza gunia. Gunia la katani, limeshindiliwa kwa kisu, likapakwa puti juu, likapigwa msasa, likapakwa rangi. Nilipolivuta lilikuja na chuma chenyewe, kimeachana tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu. Kizingiti hicho kwa ndani ni uwazi, na chini kina vitundu vya kutolea maji. Tope la barabara huviziba, maji yakakaa, na kutu ikaanza kula kutoka ndani ikija nje. Ukiiona nje, ujue karamu imekwisha zamani.

Basi nikaagiza vipande: ukuta wa nje, ukuta wa katikati, na ule ukanda wa chini. Vilifika ndani ya sanduku refu la maboksi, vimepakwa rangi nyeusi, na mke wangu akaniuliza kama nimenunua jeneza la nyoka. Nikaazima grainda na mashine ya kuchomelea kwa fundi wa jua kali anayetengeneza mageti mtaa wa pili. Nikaling'oa gari viti, nikalivua milango yote miwili ili nifanye kazi kwa nafasi. Nikalipandisha kwa jeki, nikalisimamisha juu ya stendi nne: mbili mbele, mbili nyuma, karibu na springi. Injini na giaboksi vilikuwa bado ndani, kwa kuwa sikuwa na winchi ya kuvitolea.

Kitabu cha mafundi nilikuwa nacho, cha kununua kwa pesa yangu. Ukurasa wa vizingiti niliusoma Jumapili.

Kukata kuna raha yake, nisiseme uongo. Cheche zinaruka, kutu inaanguka kwa vipande, na unaona kazi inakwenda. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri nilikuwa nimekitoa kizingiti chote cha kushoto, cha nje na cha kati, nikabakisha ukuta wa ndani ulioshikana na sakafu. Nikakwangua kingo mpaka chuma kikawa cheupe. Nikafagia. Vipande vibovu vilijaa karai, na karai lenyewe nililinyanyua kwa mkono mmoja. Chuma cha kubeba gari zima, mkono mmoja!

Ndipo nikaupachika mlango.

Kwanza nilidhani bawaba zimekaa vibaya. Nikalegeza, nikainua, nikakaza. Ukagonga. Kabla ya kuivua milango nilikuwa nimepima ule mwanya wa nyuma ya mlango kwa sarafu, kwa sababu kipimo changu cha mwanya kilikuwa kimepotea: sarafu mbili za shilingi kumi kwa pamoja zilipita juu, zikapita chini, vizuri kabisa. Sasa juu haikuingia hata moja. Mlango ulikuwa umelalia ukingo wa bodi. Chini, zile mbili ziliingia zikacheza, nikaongeza ya tatu, nayo ikaingia.

Nikaelewa, na tumbo likanishuka. Gari hili halina chesi, ile fremu ya chini ya kubebea bodi. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Lingekuwa na paa la chuma, paa lingesaidia kushikilia mbele na nyuma. Hili limekatwa kichwa, kama asemavyo Mama, kwa hiyo mzigo wote umeachiwa vizingiti viwili na ule mgongo wa katikati unaopitia giaboksi. Chukua kiberiti, tupa ganda la nje, ubaki na kile kisanduku cha njiti, kisha kikate ubavu mmoja uone. Nilikuwa nimelishika gari kichwani na miguuni, injini imekaa mbele na uzito wake, nikalikata mbavu. Likapinda katikati kama machela.

Nikakaa juu ya tairi. Mvua ilikuwa imeanza kuchezacheza juu ya mabati.

"Hodi! Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

Alikuwa mjomba wangu, kakake Mama. Jumamosi alikuja baada ya kuswali Magharibi kunywa kahawa na dadake. Maishani mwake hakuwahi kuendesha gari. Ujana wake aliumalizia Matondoni, Lamu, akichonga mashua na majahazi kwa tezo, na baadaye akawa akitengeneza vyombo hapa Mombasa, mpaka mgongo ulipokataa.

"Shikamoo, mjomba. Nimeharibu gari."

"Marahaba. Limeharibika vipi, na mimi sijaliona zima hata siku moja?"

Nikamwonyesha. Akaushika mlango, akaufunga polepole mpaka ulipogonga, akaufungua, akaufunga tena, kama mtu anayejaribu jino. Kisha akachutama kwa taabu, akachungulia chini.

"Magadi yako wapi?"

Nikanyamaza. Mama akajibu kutoka jikoni: "Magadi yamo koponi, karibu na chumvi! Mwataka kupika nini huko?"

Mjomba alicheka hata akakohoa. "Si magadi ya kunde, dada. Magadi ya chombo!" Akanigeukia. "Chombo kikipandishwa pwani chatiwa magadi, miti ya kukiegemeza huku na huku, kisilale. Sasa ukiona ubao umeoza wataka kuutoa, wajiuliza kwanza: huu ubao umebeba nini? Ukishajua, watafuta kitu kingine kibebe. Ndipo wautoa. Wewe umeutoa kwanza."

"Nimeutoa kwanza," nikasema.

"Mkuku wake uko wapi?"

Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Nikamwonyesha mgongo wa katikati.

"Na mataruma, mbavu zake?"

Nikamwonyesha ule mhimili unaokata sakafu chini ya viti, kutoka kizingiti hadi kizingiti. Akaupapasa kwa kiganja, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Huo haukuwa na kutu. Nilijua, lakini sauti yake mjomba alipougonga ilinituliza.

Hapo nyuma ya banda kulikuwa na boriti za mkoko zilizobaki tulipoezeka upya kibanda cha kuku. Akachagua moja, fupi, nene kama paja la mtoto, akailaza chini ya ule mhimili, nami nikaweka jeki chini ya boriti. "Ni ya mti, yagawanya uzito," alisema. "Jeki pekee itatoboa bati lako." Mlango tukauacha umepachikwa, haujafungwa kabisa. Mimi nikalala chini na mpini wa jeki, yeye akasimama na sarafu.

"Pandisha."

Nikapandisha nusu mzunguko.

"Bado. Pandisha kidogo. Kidogo nimesema, si unachota maji."

Chuma kilikuwa kikilia, mlio mwembamba, na kila kilipolia nilisimamisha. Yeye hakusimama. Alikuwa akisikiliza kama daktari. Nikapandisha tena, na tena, pengine robo saa kwa kazi ambayo haikuzidi unene wa kidole. Kisha nikasikia kitu kidogo juu yangu: mlango umeingia kwenye komeo. *Kla.* Mjomba alikuwa ameusukuma kwa kidole.

"Moja imeingia," akasema. "Ya pili yagoma. Pandisha kama unavyopandisha utambi."

Ya pili ikaingia. Stima ikakatika.

Giza likatuzunguka, mvua sasa ni mvua hasa, gari limeshikiliwa na jeki moja na kipande cha mkoko, na mimi niko chini yake. Sijatoka mahali kwa kasi ile tangu nizaliwe. Mama akaleta taa ya chemli na kahawa, akatukuta tumekaa kitako kila mmoja upande wake, tukilichungulia lile gari kama wanaolinda maiti. Hatukuthubutu kuligusa. Mjomba akamsimulia dadake jahazi moja lililoegemezwa vibaya, likalala kwa ubavu usiku, likavunjika mbao kumi na moja, na mwenyewe alikuwa ndani amelala. Sikuomba kusimuliwa hilo.

Stima ilirudi saa nne kasorobo. Nilikuwa na chuma cha mraba cha inchi moja kilichobaki kwenye fremu ya dirisha. Nikakata vipande viwili. Kimoja nikakichomelea juu, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya komeo, kwa ndani ili mlango uendelee kufunga. Cha pili nikakitia mshazari. Nilichoma kidogo, nikaacha kipoe, nikachoma upande mwingine, kwa sababu moto nao huvuta chuma, na sikutaka kunyoosha kwa jeki nikipinde kwa moto. Kila nilipoacha, mjomba alipima. Juu mbili, chini mbili. Kufikia saa sita usiku gari lilikuwa na magadi yake, nikashusha jeki hatua kwa hatua, mlango ukafunga.

Mjomba alilala kwetu usiku ule, mvua haikumruhusu.

Kizingiti kipya kilinichukua Jumamosi tatu zilizofuata. Hizo sina la kuzisimulia: kupima, kubana kwa klempu, kuchoma nukta nukta, kusaga, kupaka praima ndani kabla ya kufunga. Cha kulia nilikifanya baada yake, na huko nilitia vyuma kabla sijagusa swichi ya grainda, na milango sikuivua. Vile vyuma vilikaa milangoni miezi minne. Ukitaka kuingia ndani ya gari uliviruka kama unaruka ua, na siku za jua Mama alianika vitambaa vyake vya jikoni hapo, kwa kuwa havikuwa kamba na mkataba wetu ulihusu kamba.

Siku ya kuvikata nilimwita mjomba. Alikuja na kofia mpya. Nikakata cha mshazari kwanza, kisha cha juu; kilipoachia sikusikia chochote, wala mlio. Nikajitenga. Yeye akafunga mlango wa kushoto, akatoa miwani, akaniomba sarafu mbili. Akapima juu. Akapima chini, akanyamaza, akachana kona ya pakiti yangu ya msasa, akaisukuma hapo pamoja na sarafu. Ikaingia kwa kukwaruza.

"Juu mbili," alisema. "Chini mbili na karatasi."

Akazipangusa zile shilingi kumi kwa shati, akazitia mfukoni mwake, akaenda jikoni kuulizia kahawa.