Ukajifungie Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne ndoo yangu imerudi tupu. Anayejua desturi zetu za huku Kagera ameshaelewa. Tangu mwaka jana nampelekea bibi mmoja unga na maharage katika ndoo ile, na haijawahi kurudi bila kitu: ndizi, parachichi, siku nyingine limao moja tu. Chombo cha jirani hakirudi kikavu. Safari hii alimtuma mtoto wa jirani. Ndoo imeoshwa inang'aa, na ndani hamna hata jani.

Kosa langu nalijua. Kwenye ibada ya jumuiya nilisimama kutoa mahitaji ya maombi, nikasema tumkumbuke bibi yetu na mjukuu aliyeachiwa na marehemu binti yake, "maana mtoto naye yumo kwenye dawa". Nilisema kwa machozi, na watu wakaitikia amina. Mtoto mwenyewe, wa darasa la tano, alikuwa amekaa mkekani nyuma ya bibi yake.

Tusome 2 Wafalme 4:1-7, yule mjane na chupa yake ya mafuta. Nilikuwa nimeandaa mambo matatu. La kwanza ni yule mdai aliyekuja kuwachukua watoto. Hilo mkoa huu haufundishwi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa kwetu mwaka 1983, tukauita ugonjwa Juliana kwa jina la vitambaa vya magendo, tukazika, na kabla matanga hayajaisha baba wadogo walikuwa wanapima kibanja cha yatima kwa hatua. Nalipita.

La pili ni vyombo vitupu ambavyo nabii Elisha alimtuma mjane akaazime kwa majirani, ayamimine mafuta humo: "wala usitake vichache." Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure tangu 2004, Mungu ashukuriwe, lakini nauli ya kwenda kliniki si bure, wala uji wa asubuhi. Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, dada aliyekuwa akipita nyumbani kukumbusha tarehe za kliniki na kuleta madaftari hatukumwona tena. Kwa hiyo vyombo vilivyobaki ni vya kwetu.

Ila wiki hii nimekwama kwenye la tatu. Baada ya vyombo, Elisha anamwambia mama yule: "ukajifungie mlango wewe na wanao." Nimelihubiri fungu hili sijui mara ngapi na mlango huu sijawahi kuuona. Majirani walitoa masufuria na mitungi yao, na hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza vya nini. Hakuna aliyesema nitakupa, ila kwanza nieleze mumeo aliugua nini. Walitoa, mlango ukafungwa, mafuta yakamiminika humo ndani ambako jicho la jirani halikufika.

Sisi je? Kanisani kwetu mtu hapewi kilo mbili za unga mpaka tujue habari zake zote, na tukishazijua tunaziita ombi. "Tumwombee dada yetu, mnajua tatizo lake." Hiyo si sala, wapendwa, ni umbea uliofumba macho. Mhudumu wa afya anafungwa na sheria ya mwaka 2008 asitoe siri ya majibu ya mgonjwa. Sisi wazee wa kanisa tunafungwa na nini? Jumapili iliyofuata akina mama wawili waliwahamisha watoto wao kutoka mkeka ule. Virusi haviambukizwi kwa kukaa mkeka mmoja, wala kula sahani moja, na akina mama wale wanajua. Walihamisha tu. Niliyewaonyesha wa kumkimbia ni mimi.

Alhamisi nilikwenda. Bibi alikuwa anachambua maharage, akanipa kigoda. Nikaomba msamaha, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, kliniki walinielekeza nimweleze kidogo kidogo kadiri anavyokua. Nilikuwa natafuta maneno, nimweleze akifunga shule mwezi wa sita. Wewe ukayapata kwa siku moja." Usiku ule wa jumuiya mtoto alimuuliza kama vidonge vyake ni vya kifua kama anavyoambiwa, au ni vile alivyovisema mama mzee wa kanisa.

Sikuwa na la kujibu. Nilichambua naye maharage mpaka yakaisha.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema niandike, ila nisitaje nyumba. Nyie wa jumuiya yetu mnaijua kwa sababu yangu. Wa sharika nyingine, tafadhali msiniulize.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tunapalilia. Tutapita kwa wajane na wazee wote wa jumuiya, nyumba 11 kwa zamu, kuanzia kule bondeni, isije nyumba moja ikanyooshewa kidole. Njoo na jembe, na mwenye unga alete unga. Hakutakuwa na daftari la kuandika nani anaumwa nini, na ombi la kufungua nitalitoa mimi, nalo halitakuwa na jina la mtu.

Ndoo nimeijaza tangu jana. Ipo jikoni. Bibi hajasema niipeleke.