Ndoo ya Bluu Nyuma ya Mtamba

Picha ya kwanza ya mnyama niliyojivunia ilikuwa ya mtamba wa mama yangu, kwetu Lushoto, akiwa amesimama mbele ya banda asubuhi. Macho yalikuwa angavu, na manyoya ya shingoni uliweza kuyahesabu. Nikampelekea mama simu aione. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, umempiga picha ng'ombe au umeipiga ndoo?" Ndipo nilipoiona ndoo ya bluu iliyotundikwa nyuma ya sikio, pamoja na nguzo ya banda iliyoonekana kana kwamba imeota utosini mwa mnyama.

Nilipokuwa nikipiga sikuviona vitu hivyo hata kidogo, kwa sababu jicho likimpenda mnyama hufuta kila kilicho pembeni yake, ilhali kamera haina upendeleo wa namna hiyo. Tangu siku hiyo nimejizoeza kukagua kwanza pembe nne za fremu, nikitafuta plastiki za rangi kali, kamba za nguo na mabati yanayong'aa, kabla sijamtazama ng'ombe mwenyewe. Ndoo huondolewa kwa ruhusa ya mwenyewe. Nguzo haiondoki, kwa hiyo anayepaswa kusogea ni mpiga picha, na mara nyingi hatua moja kushoto hutosha.

Milima ya Usambara ina miteremko mikali na ardhi ya malisho ni haba, hivyo wengi wetu hufuga ng'ombe wa maziwa bandani na kuwakatia majani. Maana yake ni kwamba nyuma ya mnyama karibu daima pana mbao, hori na mabati. Lakini mteremko huohuo una faida yake: mbuzi akifungwa kwenye tuta la chini, nami nikasimama tuta la juu, nyuma yake hubaki majani matupu. Kasoro ni kwamba akipigwa kutoka juu huonekana mwenye miguu mifupi. Kwa ndama napendelea kupiga magoti hadi kamera ilingane na macho yake, hata kama suruali itachafuka, ingawa hapo anga jeupe huweza kuingia nyuma na kumgeuza mnyama mweusi kuwa kivuli.

Umbali nao una kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Mbuzi aliye hatua mbili kutoka kwenye uzio hutoka na kila fito ya uzio huo. Akivutwa hatua kumi mbele, nami nikamkaribia, fito huyeyuka, hasa kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, yaani tundu lake la kuingizia mwanga likiwa wazi sana. Simu nyingi zina programu ya kufifisha nyuma, ila mimi nimeiacha, kwani hula ncha za masikio na kusahau pembe moja.

Kuhusu mpangilio nasema machache: lenga jicho lililo karibu nawe, acha nafasi mbele ya uso, na usikate miguu kwenye kwato.

Mwanga ndio uliotupatia picha nzuri kuliko zote. Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua la saa sita huwa utosini na macho ya ng'ombe huzama gizani, kwa hiyo napiga kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi moja mtamba alitoa kichwa mlangoni mwa banda. Mwanga wa nje ulimwangukia usoni, na ndani mwote mlikuwa giza. Nikagusa kioo cha simu penye paji la uso wake, nikapunguza mwangaza kidogo, na mara hori, mbao na ile ndoo, iliyokuwa imerudishwa ndani usiku, vyote vikamezwa na weusi. Ukabaki uso, unyevu puani na jani moja la mabingobingo likining'inia mdomoni.

Picha hiyo mama aliikubali na sasa iko ukutani sebuleni, ingawa bado anashikilia kwamba ningemsubiri kwanza ng'ombe wake amalize kutafuna.