Umechora na rula?

Wiki nzima kasentensi kamoja kananizunguka kichwani. Jumapili si ndo ilikuja posa ya dada (imepokelewa, alhamdulillah, picha mmeshaziona), sasa wageni walipoondoka mjomba kabaki barazani na kijiti mdomoni, nami kwa kujipendekeza nikamfungulia laptop aone simulesheni yangu ya plasta inavyopasuka ikikauka. Kaangalia kama sekunde tano. "Mjomba, hizi nyufa umechora na rula?" Nikamwambia sijachora, zimejitokeza zenyewe, kompyuta ndo imepiga hesabu. "Basi hiyo kompyuta haijawahi kupiga plasta." Mama kacheka mpaka kashika mlango.

Iliniuma jamani. Miezi minne! Nikawa namjibu kimoyomoyo kwenye daladala, bafuni, mbona ukuta wa sebuleni uliupiga wewe, hukuumwagilia maji hata siku mbili, una ufa toka kwenye swichi mpaka dirishani?

Jumatano umeme ukakatika nikaenda kuumulika huo ufa na tochi ya simu, nia yangu niupige picha nimtumie hahaha. Nikaganda. Ufa mkubwa unayumbayumba, vidogo vinaujia kwa ubavuni, kila kimoja kinaugonga kwa nyuzi 90 hivi na kinaishia hapohapo. Kumbe ndo ilivyo, ufa wa kwanza ukishafunguka ule mvutano uliokuwa unaupanua unakwisha, unabaki wa kuvuta kwa urefu wake, na huo unapasua kwa kukatiza. Vya kwangu vimenyooka sambamba kama mistari ya daftari, maana uso niliukata pembetatu zimepangwa kama vigae, na kwenye programu yangu ufa unapita kingo za pembetatu tu, halafu zote nimezipa nguvu sawa, wakati tangu yule mhandisi Mwingereza Griffith aandike 1921 tunajua kitu huanzia kupasuka kwenye vikasoro vyake vidogovidogo. Rula niliiweka mwenyewe!

Umeme uliporudi nikamwaga pointi za kona za pembetatu ovyoovyo, kila pembetatu nguvu yake tofauti kidogo, nikaiacha ikimbie usiku kucha. Asubuhi sebule yetu hiyo hapo kwenye skrini, nilicheka peke yangu. Nimemtumia mjomba WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Poa tu.

Ila nilivyoenda kumwonyesha mama nikaona miguu yake imevimba tena, akaivuta fasta ndani ya kanga, akaniuliza chai nimeshakunywa.