Mtungi ni wa mpangaji, dirisha ni la mwenye nyumba: siku yangu moja ya kupima hewa Manzese

Saa 11:30 alfajiri. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha na bado haijakata. Kwa kazi yangu hali hii inafaa, maana mvua ndiyo inayofunga madirisha, nami nataka kujua watu wanavuta hewa gani wanapopika wamejifungia. Nawasha barazani kipima kaboni monoksidi, ile gesi inayotoka moto usipoungua vizuri, nakiacha kisome hewa ya nje mpaka kitulie kwenye sifuri. Ukiruka hatua hii, namba zote za siku hazina maana.

Saa 1:40 asubuhi. Nimeshuka daladala Manzese, Dar es Salaam. Nyumba ya leo ni ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma. Zamani watu walipikia uani. Sasa uani pamejengwa vyumba vinne vya kupangisha, pamebaki njia ya kwenda chooni na kamba za nguo. Majiko yakahamia koridoni. Koridoni mtungi wa mtu ukaibiwa, na tangu hapo kila mpangaji analala na mtungi wake. Huwa nasikia wapangaji wakiitwa wazembe kwa kuweka gesi chumbani, na linaniuma. Hawa walisukumwa ndani hatua kwa hatua, na hakuna hata hatua moja waliyoulizwa.

Saa 2:15. "Hodi hapa." "Karibu dada, pita, usivue viatu, chini kumelowa." Chumba kimoja: kitanda, kabati la vyombo, mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, hatua moja kutoka kwenye godoro ambalo mtoto wa mwenyeji wangu amelala akikohoa. Anabandika chai. Moto ni wa buluu, umetulia, kitako cha sufuria hakina masizi. Kipima kinapanda kidogo tu, kinasimama. Namwambia wazi kwamba kwa kaboni monoksidi, inayoua kimyakimya, jiko lake liko salama.

Ila kuna gesi nyingine ambayo kipima hiki hakiioni. Joto la moto wa gesi, hata uwe safi kiasi gani, linaunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani, na mwishowe inatoka nitrojeni dioksidi. Hiyo inawasha njia za hewa, na mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi. Naipima kwa mrija mdogo wa plastiki, urefu wa kidole, ninaoutundika usawa wa pua, mbali kidogo na jiko. Utakaa siku saba, kisha uende maabara. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha wastani wa mwaka wa gesi hii kutoka mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo hadi 10, na likaweka 25 kwa saa 24. Udhaifu wa mrija ni kwamba unatoa wastani wa wiki nzima. Ile nusu saa ya kusonga ugali, uso uko juu ya sufuria, inapotelea humo. Kwa hiyo namwachia daftari aandike kila anapowasha na kuzima.

Saa 3:00. Dirisha. Liko wazi, lakini wavu wa mbu umeshika vumbi na mafuta ya kukaangia mpaka umekuwa kama kitambaa. Nachana ukanda wa karatasi ya chooni, naushika mbele ya wavu. Hautikisiki. Mwenyeji wangu anachukua brashi ya viatu na maji ya sabuni, anasugua upande mmoja, mapovu yanashuka meusi. Narudisha karatasi pale pale: inavutwa, inagusa wavu, inaachia, inavutwa tena. Tumesimama tunaiangalia wote wawili.

Sabuni iliyobaki naipaka kwenye maungio ya kichomeo na mtungi. Povu moja linavimba, linapasuka, linavimba tena. Tunafunga valvu, tunatoa mtungi nje, tunabadilisha kipira cha duara kilichochakaa, tunarudia povu mpaka hakuna kitu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Godoro la mtoto liko sakafuni.

Saa 6:20 mchana. Bibi wa chumba cha nne ana gesi, lakini maharage anachemshia mkaa, koridoni, kwa sababu ya mvua. "Gesi ya maharage nitaitoa wapi, mwanangu?" Kipima kinapita sehemu 30 kwa milioni sijamaliza kumsalimia, hapo ndipo karibu na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe kwa saa nzima. Tunalibeba jiko wawili hadi chini ya upenu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, lakini mwenye mtungi na maharage bado ana majiko mawili. Namsihi aloweke maharage tangu usiku, yanaiva upesi zaidi.

Saa 10 jioni. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umekuja kunitobolea nyumba?" Ndiye mwenye nyumba. Anaishi chumba cha mbele, anachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wapangaji wameniomba niseme mimi, kwa sababu anayelalamika anaambiwa atafute kwingine. Simsomei kiwango chochote. Namwomba anifuate, nampa karatasi aishike mwenyewe, kwenye wavu mchafu halafu kwenye uliosuguliwa. Kisha nawasha kipima pale jiko la mkaa lilipokuwa, bado kinasoma. Anakaa kimya. Namwomba aweke tofali za matundu ukutani. Anauliza, zitaingiza wezi? Namwonyesha: moja juu karibu na dari, moja chini usawa wa sakafu, mkono wa mtu haupiti. Anakubali vyumba viwili. Naomba vyote. Anasema viwili kwanza.

Saa 1:30 usiku. Nimerudi wakati wa kupika chakula cha usiku, vyumba sita vimewasha kwa pamoja, korido ina joto kama la tanuri la mikate. Naandika namba kila baada ya dakika tano. Mtoto amelala, mlango uko wazi, karatasi yangu mwenyeji wangu ameibandika dirishani kwa gundi, inacheza.

Saa 3:50 usiku. Kwenye fomu, sehemu ya dirisha, nimeandika: nusu ya wavu imesafishwa, tofali bado. Fundi ameambiwa Jumamosi. Mrija nitautoa Jumanne ijayo.