Saa mbili za kusubiri: siku yangu kwenye maabara ya wajawazito Kisumu

Naamka saa 11 alfajiri siku za kipimo cha sukari, kile cha kutafuta kisukari cha ujauzito. Akina mama ninaowapokea hawajatia kitu mdomoni tangu jana usiku, na mjamzito mwenye njaa si mtu wa kukuta mlango umefungwa. Kutoka Mamboleo hadi kazini si mbali nikipata tuktuk mapema. Saa 12:30 huwa niko njiani, na saa 1 kamili nimevaa koti la maabara.

Kazi ya kwanza ni ya mizani. Kila mama anapimiwa gramu 75 za unga wa glukosi, nauyeyusha kwenye mililita 300 za maji, nafunika. Kisha napanga chupa zenye kifuniko cha kijivu. Ndani yake mna floraidi, ambayo huzuia chembe nyekundu za damu kuendelea kula sukari ndani ya chupa. Bila hiyo, damu iliyokaa mezani inaweza kupoteza asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa, na mama mwenye tatizo akarudishwa nyumbani akiambiwa yuko sawa. Watu wengi hudhani ubora wa kipimo uko kwenye mashine. Mimi nasema uko kwenye chupa na kwenye saa ya ukutani.

Saa 1:30 wameshaingia. Wa kwanza ametoka Ahero kwa matatu, mimba ya wiki 26, ameandamana na mama mkwe wake. Wa pili ni mwalimu kutoka Nyalenda. Wa tatu anauza samaki Dunga. Wa nne hana mimba tena: amembeba mtoto wa wiki 6 aliyekuja kwa chanjo, na kwenye kijitabu chake cha mama na mtoto tulikuwa tumeandika tangu zamani kwamba siku hii na yeye apimwe, kwa kuwa alipata kisukari akiwa mjamzito. Natoa damu ya kwanza, ya njaa. Halafu kila mmoja anapewa glasi yake, aimalize ndani ya dakika 5.

“Mwanangu, hiyo ni tamu hivyo?” mama mkwe anauliza akiona uso wa mwalimu.

“Tamu sana, Dani,” namjibu, nikimwita bibi kwa Kijaluo. “Lakini ni mara moja tu.”

Robo saa haijaisha mwalimu anatapika. Namfutia, namkalisha, namwambia kipimo chake kimeishia hapo kwa leo. Tunapanga siku nyingine. Analia kidogo, maana amechukua ruhusa shuleni. Namletea chai.

Waliobaki hawaruhusiwi kutembeatembea wala kula. Nachukua damu saa moja baada ya kunywa, na tena saa mbili baada ya kunywa. Katikati hapo ndipo maneno huja, na kwangu ndiyo sehemu ya siku yenye uzito kuliko zote.

Anaanza yule wa Ahero, kwa sauti ya chini kama anayeungama. “Daktari, mimi sinywi soda. Chai yangu naweka sukari kijiko kimoja. Kama mtanipata na sukari, itakuwa imetoka wapi?”

Swali hili huniuma kila ninapolisikia, kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyeshamwambia kwamba ni ulafi wake. Basi navuta kiti.

Namwambia tuanze na kondo la nyuma. Tumezoea kuliona kama kitu cha kutupwa baada ya mtoto kuzaliwa, kumbe kwa miezi yote hiyo ni kiwanda cha homoni. Linatoa laktojeni ya kondo, ambayo hupanda kadiri kondo linavyokua. Linatoa homoni yake ya ukuaji, na projesteroni kwa wingi. Kotisoli nayo hupanda mwilini. Kwa pamoja homoni hizi huifanya misuli na mafuta ya mama isiitikie insulini, homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, kama ilivyoitikia awali. Si ugonjwa huo. Mwili unafanya hivyo ili glukosi ikae zaidi kwenye damu na kumfikia mtoto, huku mama akitumia mafuta zaidi. Kufikia miezi mitatu ya mwisho, usikivu wa mwili kwa insulini huwa umeshuka kwa takriban nusu au hata zaidi, kwa kila mjamzito, mwembamba au mnene.

“Kwa hivyo ni kama wageni wameongezeka na sufuria ni ile ile,” mama mkwe anaingilia.

“Karibu, Dani. Ila sufuria nayo inajaribu kukua.”

Hapo ndipo kongosho linapoingia. Seli za beta, zinazotengeneza insulini, zimekusanyika kwenye vijisiwa vidogo ndani ya kongosho. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa mwanafunzi wa udaktari Berlin, bila kujua vinafanya kazi gani. Vyote pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho. Sasa, kondo lile lile linaloufanya mwili usisikie insulini ndilo linalozipelekea seli za beta amri ya kujipanga upya. Laktojeni ya kondo, na prolaktini inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, hushika kipokezi kimoja kilicho juu ya seli hizo. Zikishikwa, zinaanza kumwaga insulini kwa kiwango cha sukari ambacho zamani hakingezigutusha, na zinamwaga nyingi zaidi.

Kwa panya jambo hili limefuatiliwa hadi ndani. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba homoni za ujauzito huzifanya seli za beta za panya zitengeneze kwa wingi serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, na serotonini hiyo ndiyo inayozisukuma zigawanyike na kuongezeka. Kwa binadamu mambo hayaendi sawasawa na panya. Mwaka huo huo, waliochunguza kongosho za wanawake waliofariki wakiwa wajawazito waliona sehemu ya seli za beta imeongezeka kama mara 1.4, na ongezeko lilionekana kwa vijisiwa vidogo vipya kuliko kwa vya zamani kuvimba. Kwa hiyo nikisoma habari ya panya, natafuta kwanza ya binadamu kabla sijafungua mdomo mbele ya mama yeyote.

Kongosho la wengi humudu mzigo huu. Kuna ambalo halimudu, kwa urithi, kwa uzito, kwa umri, au kwa sababu lilikuwa na akiba ndogo tangu zamani na hakuna aliyejua. Ujauzito ndio unaoliita mbele. Namtazama yule mama machoni nikimwambia: soda haikukuleta hapa.

Saa 3:40 damu ya mwisho imetoka. Wanafungua vifurushi vyao vya nyoyo (mahindi na maharagwe) na mayai, na maabara inanuka chakula. Naziweka chupa kwenye mashine ya kuzungusha, plazma, yaani majimaji ya damu, inajitenga juu, nazipeleka kwenye kipimo. Kati ya saa 4 na saa 6 hakuna cha kusimulia ila foleni ya himoglobini, mkojo na malaria.

Saa 6 majibu yako mezani. Muuza samaki wa Dunga yuko salama kabisa. Mama wa Ahero, kwa milimoli za sukari kwa lita, ana 4.7 akiwa na njaa, 10.6 baada ya saa moja, na 8.2 baada ya saa mbili. Mipaka tunayofuata, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, ni 5.1, 10.0 na 8.5. Kipimo kimoja kikifika mpaka au kuupita, inatosha: ana kisukari cha ujauzito. Na namba zake zinaeleweka ukizisoma vizuri. Akiwa na njaa kongosho lake linatosha. Sukari ikija kwa mkupuo, linachelewa.

Sista wa kliniki anampokea. Nasimama naye kidogo kwa sababu mama mkwe ameshaanza kusema ugali ukomeshwe nyumbani. Hapana, Dani. Ugali upungue, mboga na omena ziongezeke, na atembee kidogo baada ya kula. Apimwe mara kwa mara. Lishe isipotosha kuna dawa. Nasisitiza pia jambo la mtoto: sukari ya mama huvuka kondo, insulini yake haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, ananenepa, na akizaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana anyonyeshwe mapema na apimwe.

Saa 8 namwita mwenye mtoto wa wiki 6. Amekuwa akitabasamu tangu asubuhi. Alipojifungua, kondo lilitoka, homoni zake zikashuka ndani ya saa chache, na siku iliyofuata sukari yake ilikuwa ya kawaida. Nyumbani wamesherehekea kwamba ugonjwa umekwisha. Lakini leo ana 5.2 kwa njaa na 8.3 baada ya saa mbili. Kwa asiye na mimba, ile ya saa mbili inatakiwa iwe chini ya 7.8, ikifika 11.1 ni kisukari kamili. Yeye yuko katikati. Seli zake za beta zimepunguziwa mzigo, na bado zinahema.

Huyu ndiye ninayemhofia kuliko wa Ahero. Wa Ahero atafuatwa kila wiki hadi ajifungue. Huyu akitoka hapa atarudi kwa chanjo ya wiki 10 na 14, na watu watampima mtoto tu. Namweleza yote bila kumtisha: aendelee kunyonyesha, jambo ambalo limehusishwa na hatari ndogo ya kisukari baadaye, apunguze uzito polepole, na apimwe tena kila mwaka hata akijisikia mzima.

“Hata kama sina dalili?”

“Hasa kama huna dalili, mama.”

Naandika tarehe ya mwaka ujao kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kijitabu, karibu na jina la mtoto, mahali ambapo hatakosa kuiona. Kisha nampigia simu mwalimu wa Nyalenda: Jumatatu, saa 1, njaa tangu saa 4 usiku, na safari hii nitampozea maji.