Nguo za Esau zilikuwa kwa mama yake

Katika sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo, kabla Rebeka hajamfunika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, ili mumewe Isaka amdhani kuwa ni Esau mwenye mwili wa nywele na kumpa baraka yake, tunaambiwa kwamba alizitwaa nguo nzuri za Esau, mwanawe mkubwa, zilizokuwa kwake nyumbani, akamvika Yakobo, mwanawe mdogo. Kwa miaka mingi niliyapita maneno hayo haraka, nikikimbilia pale ambapo Isaka, mzee asiyeona, anampapasa mtoto wake na kushindwa kumtambua. Sasa mimi mwenyewe ni mzazi wa watoto wawili, na kila ninapoirudia sura hiyo nakwama kwenye nguo.

Esau hakuwa tena kijana wa kukaa chini ya mbawa za mama. Sura inayotangulia inasema alioa akiwa na umri wa miaka 40, akawa na wake wawili Wahiti. Hata hivyo nguo zake bora hazikuwa kwa wake zake. Zilikuwa kwa mama yake. Mtu hamwachii nguo zake za heshima mtu asiyemwamini. Rebeka alijua zilipo, na bila shaka alijua zimeshika harufu ya nyika, harufu ambayo ndiyo iliyommaliza Isaka, kwa sababu hata baada ya kula na kunywa alimwita mwanawe aje ambusu, akaisikia harufu ya mavazi yale, na papo hapo akaanza kubariki.

Msimulizi anachagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa. Isaka anaposema na Esau, Esau anaitwa mwana wa Isaka. Rebeka anapomgeukia Yakobo, Yakobo anaitwa mwana wa Rebeka, kana kwamba pacha hawa wamegawanywa, kila mzazi na wake. Kisha mama anaponyoosha mkono kuzichukua nguo, ndipo Esau anapoitwa mwana wa Rebeka, mwanawe mkubwa. Kila nikifika hapo moyo unaniuma. Esau anatajwa kuwa mtoto wa mama yake katika tendo lile lile ambalo mama yake anamwibia.

Wapo wanaofundisha kwamba Rebeka hakuwa na kosa, kwa kuwa tangu mimba yake aliambiwa na Mungu kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Neno hilo alipewa kweli, wala silipunguzi. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliagizwa kulitimiza kwa ngozi za mbuzi, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba alimweleza mumewe. Hawa ni watu waliokaa miaka 20 bila mtoto, tangu Isaka alipomwoa akiwa na miaka 40 hadi pacha walipozaliwa naye ana 60, na Isaka alimwomba Mungu kwa ajili ya mkewe. Watoto wale walioombewa hivyo ndio waliokuja kuwatenganisha. Isaka alimpenda Esau kwa sababu alikula mawindo yake. Rebeka alimpenda Yakobo, na sababu haikutajwa. Katika sura ya 27 nzima hawakutani hata mara moja wote wanne. Wanazungumza wawili wawili, mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia, na mke anayapata maneno ya mumewe kwa kutega sikio.

Simwondolei Isaka lawama. Alimwita mwana mmoja tu ili ambariki kabla hajafa, naye alikuwa na wawili. Na Yakobo alisema uongo kwa kinywa chake mwenyewe: alijiita mzaliwa wa kwanza, akarudia alipoulizwa tena, na katikati akamtaja Mungu kuwa ndiye aliyemfanikisha apate mawindo upesi, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mzee alishuku. Alisema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau," akaamua kuiamini mikono.

Yakobo alilipwa kwa kipimo chake. Labani, mjomba wake, alimwoza Lea gizani badala ya Raheli aliyempenda, na miaka mingi baadaye wanawe, waliochoka kumwona ndugu yao Yusufu akipendwa kuliko wao, walichinja mbuzi, wakachovya kanzu ya Yusufu katika damu na kumpelekea baba yao aitambue. Ni mbuzi tena, na ni vazi la mwana tena. Hata kitenzi cha Kiebrania ni kile kile: Isaka hakumtambua Yakobo, na sasa Yakobo aliitambua kanzu.

Lakini ninarudi kwa Rebeka, kwa sababu yeye ndiye aliyesema laana iwe juu yake. Aliposikia kwamba Esau anakusudia kumuua ndugu yake, alimwambia Yakobo akimbilie Harani akakae siku chache, hadi hasira ipoe, akauliza kwa nini afiwe na wote wawili siku moja. Wote wawili, alisema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Rebeka alikuwa bado mzazi wa Esau pia, ingawa ni yeye aliyemtoa machozi.

Siku chache zile zikawa miaka 20. Yakobo aliporudi, Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia pamoja. Isaka, aliyedhani kifo kimebisha hodi, aliishi hadi miaka 180, na wanawe wote wawili wakamzika. Mama hatajwi katika kukutana huko. Tunasimuliwa kifo cha Debora, mlezi wake, aliyezikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mwaloni ukaitwa mwaloni wa kilio. Kuhusu Rebeka tunajua tu, kutoka kinywani mwa Yakobo mwenyewe akiwa mahututi huko Misri, kwamba alizikwa katika pango la Makpela. Yakobo hasemi kama alikuwapo.