Dakika hamsini, ukiniuliza mimi ni masaa manne na nusu

Jamani, leo nimepanda ndege mara ya kwanza, Kisumu kwenda Nairobi. Miaka yote mimi ni mtu wa basi la usiku: Ahero, Awasi, Kericho, Londiani, halafu Nakuru mnashuka kunyoosha miguu na kunywa chai ya bei ya ajabu. Kilomita kama 350 za lami, saa saba au nane, malori yakikubali kupitwa.

Kwa angani ni kama kilomita 265 tu. Ndege haina habari na kona za Kericho wala mteremko wa Salgaa. Tumeinuka, nikaona ziwa na yale magugu yametanda kama shamba, nikafungua biskuti, na kabla sijaimaliza tukaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Dakika hamsini!

Sasa sikieni hesabu yenyewe. Kondele nimetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana lazima ufike mapema ukaguliwe hadi viatu. Ndege imeruka saa moja na nusu. Kisha Mombasa Road ikanipokea na msongamano wake, mjini nimeingia saa nne kamili. Hizo dakika hamsini ni za tiketi.

Mama alinipigia nikiwa bado nangoja begi.

"Umefika wapi?"

"Nairobi, Mama."

"Wacha uongo. Saa hizi hata Nakuru hujafika."